Mjadala: Je, viwanda vya samaki Mwanza viendelee kutegemea minofu ya sangara peke yake?

Mtoa hoja: Viwanda vingi vya kuchakata samaki hapa Mwanza vilijengwa kwa ajili ya sangara, na kila kitu ndani yake, kuanzia meza za kukatia hadi vyumba vya baridi, kimepangwa kumfuata samaki huyo mmoja kutoka mapokezi mpaka kwenye boksi. Hali ikiwa shwari mpangilio huo una faida, lakini mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu, na mwaka 2020 safari za ndege zilipositishwa, minofu isiyogandishwa ilikosa njia.

Hoja yangu ni kwamba uwezo wa kubadilika tulio nao sasa haumo kwenye mitambo, bali umebebeshwa vibarua. Nimekata minofu miaka minne. Saa kumi na mbili alfajiri tulisimama getini na mabuti ya mpira mkononi, msimamizi akatoka na kuchukua watu kulingana na mzigo ulioingia usiku. Akishampata wa thelathini geti linafungwa, na waliobaki wanarudi Igoma kwa miguu. Kiwanda hakikupata hasara siku hiyo, kwa sababu hasara tuliondoka nayo sisi. Napendekeza viwanda vichakate pia sato na dagaa, na kibarua afundishwe kazi zaidi ya moja.

Mchangiaji wa kwanza: Nipo upande wa udhibiti wa ubora, na naona ndugu yangu amerahisisha mno. Kiwanda kinachouza Ulaya hukaguliwa na kupewa kibali kwa mpangilio wake, hivyo huwezi kuingiza dagaa Jumanne na kurudisha sangara Jumatano kana kwamba unabadilisha sufuria. Isitoshe, dagaa huvuliwa kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali hawaonekani. Utakuwa umeongeza mashaka juu ya mashaka.

Mchangiaji wa pili: Mbona tayari tunauza zaidi ya minofu? Mapanki, yaani vichwa na mifupa inayobaki baada ya kukata minofu, yana wateja wake, na bondo kavu, yaani kibofu cha hewa cha samaki, kilo kwa kilo, linaushinda mnofu kwa bei.

Mtoa hoja: Mapanki na mabondo hutoka kwa sangara huyo huyo, akikosekana, vyote vinakosekana. Kuhusu dagaa nimekubali, naondoa pendekezo hilo. Sato wa vizimba, hata hivyo, huvunwa kwa tarehe anayoipanga mfugaji mwenyewe, na hapo ndipo penye nafasi: kiwanda kikikubaliana na wafugaji mapema, kikatenga meza mbili na mashine ndogo ya kugandishia, kikaombea kibali mpangilio huo tangu mwanzo, siku ambayo mitumbwi imerudi mitupu itakuwa na kazi ya kufanywa. Namwuliza ndugu wa ubora: kuosha na kukaguliwa upya kwa meza hizo mbili kunagharimu kiasi gani, ukilinganisha na chumba cha baridi kinachokula umeme usiku kucha kikiwa kitupu?

Mchangiaji wa kwanza: Kwa meza mbili zilizotengwa, gharama si kubwa. Tatizo litakuwa bei atakayotaka mfugaji.