Ni miti gani ya kivuli isiyo na sumu inayofaa kuzunguka uwanja wa kuku?

Mfugaji wa Goba

Habari zenu ndugu wafugaji. Ninafuga kuku wa kienyeji 25 hapa Goba, katika banda lenye uwanja wa wavu wa mita 6 kwa 10 ambao hauna hata mti mmoja. Asubuhi hakuna tatizo, lakini ikifika saa nane mchana, hasa miezi hii ya kaskazi, kuku wote hujibanza kwenye kivuli chembamba cha ukuta, midomo wazi na mabawa yametanuliwa, na mayai yamepungua. Ninataka kupanda miti kuzunguka wavu, ila ninaogopa sumu kwa kuwa kuku hudonoa kila kinachoanguka. Muuza miche mmoja wa kando ya barabara amenishauri nipande ule mti wa majani membamba na maua ya njano yenye umbo la kengele, kwa madai kwamba hausumbui kumwagilia. Jirani yangu naye anasema hakuna kivuli kizito kama cha mparachichi. Naomba ushauri kabla masika hayajaanza.

Babu wa Chanika

Mwanangu, yote miwili iache. Huo wa maua ya njano ni ndugu wa oleanda: una sumu ya moyo tangu utomvu wake mweupe hadi kokwa, na kutokuhitaji maji si sifa ya kuuingiza kwenye boma la mifugo. Mparachichi ni mti mwema kwa binadamu, lakini majani yake, magome, kokwa na hata ganda la tunda vina kemikali iitwayo persini, ambayo ndege huathirika nayo kwa urahisi. Kama tayari unao uani, usiukate. Hakikisha tu kwamba majani na maganda hayafiki kwa kuku.

Kabla ya kununua mche wowote, zunguka wavu wako uone kilichojiotea. Mnyonyo huota wenyewe kwenye jalala na mbegu zake zina sumu kali. Mbono kaburi na minyaa watu wamevifanya uzio mitaa mingi, na maziwa ya mnyaa yakiingia jichoni, la kuku au la mwenye kuku, ni balaa.

Sasa upande wa kupanda, jambo ambalo wengi hulisahau. Jua linalowatesa kuku wako ni la alasiri, kwa hiyo miti ipande magharibi mwa uwanja, nje ya wavu, umbali wa kama mita moja. Upande wa mashariki uache wazi, kwa sababu upepo wa baharini hutokea huko, na kuku hatoi jasho. Hupoa kwa kuhema na kwa upepo unaompitia. Nimewahi kuona banda lililozungushiwa miti pande zote nne likawa tanuri lenye kivuli.

Mimi nilipanda mforosadi na mlonge. Mforosadi huota kwa kuchomeka kipande cha tawi masika yakianza, majani yake hayana madhara, na matunda yakiiva kuku hawaondoki chini yake.

Mama wa Kigamboni

Shikamoo babu. Ninakubaliana nawe, isipokuwa kwa mlonge nitaongeza neno. Kivuli chake ni chepesi mno ukiuacha urefuke. Ukatwe kileleni ukifika usawa wa kifua ili utoe matawi mengi, na hayo unayokata ndiyo mboga ya kuku. Vilevile hauvumilii maji yaliyotuama, kwa hiyo mahali pa bondeni weka migomba badala yake. Migomba hufurahia maji machafu unayomwaga ukiosha vyombo vya kunyweshea, na ndani ya mwaka mmoja unapata kivuli cha maana.

Juu ya wavu mimi nimepandisha dodoki. Linatambaa haraka, na faida ambayo sikuitarajia ni kwamba kunguru hawavioni tena vifaranga kwa urahisi. Atakayebisha hajaishi na kunguru wa Dar. Hakikisha tu nguzo ni imara, maana likishiba mvua huwa zito. Mashina nayo yazungushie mawe, kwani kuku huchakura hadi mizizi ikabaki nje.

Mfugaji wa Goba

Shikamooni wazee wangu, nimeelewa. Je, lusina, ule mti wa malisho, unafaa? Shemeji yangu anawapa mbuzi wake na wananawiri.

Babu wa Chanika

Marahaba. Mbuzi si kuku. Lusina ina mimosini, ambayo huwadumaza kuku na kupunguza mayai wakiila kwa wingi. Tena mbegu zake hutapakaa na kuota kila mahali. Wakati miche inakua, simamisha nguzo nne upande ule wa magharibi na kuezeka makuti, ili kuku wapumzike kuanzia wiki hii.

Mfugaji wa Goba

Makuti nimeyaagiza leo. Nimezunguka wavu kama ulivyoniagiza, babu, na nyuma ya banda nimekuta minyonyo miwili yenye mbegu tayari. Nimeing'oa na kuokota zilizodondoka. Uzio wa minyaa ni wa jirani, kwa hiyo upande ule ninausogeza wavu ndani kwa mita moja na nusu.