Nina miaka 23, nitajuaje nataka nini maishani?

Muulizaji: Wakuu, chuo nimemaliza ila sijielewi kabisa, wenzangu naona kama washajipata. Nyie mlijijuaje?

Mdau 1: Usijilinganishe na watu wa mitandaoni. Hata ubongo, ile sehemu ya mbele inayohusika na kupanga na kuamua, inaendelea kukomaa mpaka kwenye miaka 25 hivi, kwahiyo kutojua saa hizi ni kawaida mkuu.

Mdau 2: Kukaa ndani ukiwaza hakusaidii, jitolee sehemu, jaribu kazi tofauti tofauti, afu uwe unaandika kipi kimekupa mzuka na kipi kimekuchosha, baada ya miezi kadhaa utaona kuna vitu vinajirudia. Hapo ndo pa kuchimba.

Mdau 3: Na weka akiba hata kidogo, inakupa uhuru wa kuacha kazi isiyokufaa.

Muulizaji: Asanteni sana, kuandika naanza leo.