Miezi minne nashika ngazi tu, nitaivaje kwenye ukaguzi wa faya alamu?

chipukizi_umeme: Wakuu habari za mida hii. Nimesoma umeme VETA, sasa hivi nipo Dar na kampuni inayofanya sevisi za faya alamu kwenye maghorofa na hoteli. Kazi yangu ni kushika ngazi na kupuliza ile sprei ya moshi kwenye ditekta (vile vinusa moshi vya darini) basi, paneli, yaani boksi kuu la kuongozea alamu, siisogelei. Juzi paneli ikaonyesha folti (hitilafu) zoni 3, yaani eneo la tatu la jengo, fundi mkuu akabonyeza kitufe mlio ukakata, akasaini karatasi tukasepa. Nikamuuliza akasema "utajua tu". Nitajuaje sasa? Nisome nini?

mzee_wa_saiti: Dogo hapo hamkutengeneza kitu, mmenyamazisha mtoto anayelia njaa. Sikiliza, paneli za kawaida, siyo zile za lupu zinazoitambua kila ditekta kwa namba yake, kila zoni ni waya mbili zinapita ditekta moja baada ya nyingine, mwisho kabisa kuna rizista, nyingi ni 4.7k (ohm 4,700) ila soma kitabu cha maelekezo cha paneli yako usikariri. Omba ruhusa, zima umeme chomoa na betri, toa waya za zoni 3 uzipime. Ukiona namba inayokaribia ile ya rizista waya ni mzima. Mita isiposoma kitu kuna mahali pamekatika, ikisoma karibu na sifuri imeshoti. Usianze kufungua ditekta zote 20 kama mwendawazimu, nenda ya katikati upime kila upande, utajua ubovu uko nusu ipi, unagawa tena hivyo hivyo mpaka unaukamata.

Halafu kuna wahuni wanafunga rizista ndani ya paneli yenyewe, taa inakuwa ya kijani kumbe jengo zima halijaunganishwa. Nimekuta hiyo kwa macho yangu, ghorofa sita! Ndo maana mimi kila zoni lazima nichomoe ditekta ya mwisho nisubiri paneli ilalamike.

dada_wa_mita: Naongezea, mimi niko Doha mwaka wa sita. Kabla hujapuliza moshi kwenye chumba cha seva uliza kama kuna mitungi ya gesi ya kuzimia moto, na kama ipo mwenye dhamana aitenganishe kwanza. Mwenzangu alipuliza ditekta mbili mfululizo, gesi yote ikamwagika, kuijaza tena hiyo mitungi ni bei ya gari. Na waambie walinzi na watu wa lifti kabla hujaanza maana kwenye majengo mengi alamu ikilia lifti zinashuka chini zenyewe.

Vya kusoma, tafuta viwango vya faya alamu, BS 5839 ya Uingereza au NFPA 72 ya Marekani, inategemea jengo lilijengwa kwa ipi. BS inataka kile kiboksi chekundu cha kubonyeza kijaribiwe kila wiki, leo hiki wiki ijayo kingine, na sevisi iwe kila baada ya miezi sita hivi.

chipukizi_umeme: Asanteni sana. Mazoezi nifanyie wapi maana saiti siruhusiwi kugusa?

mzee_wa_saiti: Paneli chakavu zikitolewa saiti omba moja, funga kwenye ubao nyumbani na ditekta mbili, kata waya mwenyewe, shotisha mwenyewe. Betri mbili za volti 12 zipange mfululizo zipate 24. Zima umeme wa ukutani uone zikipimwa bila kazi zinasoma 25 safi, piga ving'ora uone zilizochoka zinavyoporomoka.

chipukizi_umeme: MREJESHO: leo tumerudi pale pale, nikamwomba fundi mkuu dakika kumi akanipa kwa kununa. Zoni 3 mita haisomi kitu. Nimegawa mara tatu nikafika stoo ya jikoni, ditekta haipo! Mafundi rangi waliichomoa, iko juu ya kabati imefungwa nailoni. Nimeirudisha folti imetoka. Ila betri za ile paneli zimeandikwa 2017 kwa maka peni na nimemwona anatiki "nzuri" bila kuzipima. Hapo nafanyaje wakuu, na mimi jina langu lipo kwenye ile karatasi?