SSD iliyokloniwa haiwaki: kutengeneza buti, kukloni upya au kupiga Windows mpya?

Fundi_Chumbageni
Wakuu, kwema? Mezani kuna laptop ya wakala wa mizigo wa bandarini hapa Tanga. HDD (diski ya zamani ya kuzunguka) ya GB 500, yenye GB 130 tu za data, imekloniwa, yaani kunakiliwa kama ilivyo, kwenda SSD ya GB 240 kwa adapta ya USB. Programu ikasema asilimia 100. SSD ikifungwa ndani: "No bootable device". HDD ikirudishwa inawaka bila shida. Kupiga Windows mpya nakuogopa, maana leseni ya programu ya uhasibu imefungwa kwenye Windows hii hii. Zinabaki kutengeneza buti (sehemu inayoanzisha Windows) au kukloni upya. Ipi itangulie?

Mwambao
Mkuu, kwanza ujue inakwamia wapi. "No bootable device" maana yake BIOS (programu ya ndani inayoiwasha mashine) haikupata pa kuanzia. Ungeona 0xc000000e, ingekuwa buti imepatikana ila faili la BCD (orodha ya Windows za kuwasha) linaelekeza kwenye diski isiyokuwepo. INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE ni hatua ya mbele zaidi: Windows imeanza, ikakosa draiva ya kidhibiti cha diski, na hapo unaangalia kama BIOS iko AHCI au RAID (namna mbili za kuiendesha diski).

Ingia BIOS uone kama SSD inatajwa kwa jina. Isipotajwa, chomoa, safisha pini za SATA kwa spiriti ya isopropili, rudisha. Kwa hewa yetu ya chumvi hilo si la kudharau. Ikitajwa, washa kwa flashi ya Windows, bonyeza Shift+F10, andika `diskpart`, kisha `list disk`. Angalia safu ya Gpt (mpangilio mpya wa patisheni; bila nyota ni MBR, wa zamani): kuna nyota? Halafu `select disk 0` na `list partition`. Leta majibu hapa.

Na HDD ya zamani usiifomati, wala usiwashe mashine zikiwa zote mbili ndani. Klonu ya diski nzima inaweza kubeba utambulisho ule ule, na Windows ikikuta mapacha huizima mmoja au huubadilisha utambulisho wake.

Fundi_Chumbageni
SSD inaonekana BIOS. Haina nyota. Patisheni ni moja tu, GB 223. HDD ina nyota na patisheni nne, ya kwanza MB 100. BIOS iko UEFI, ile njia mpya ya kuwasha.

Binti_Makorora
Basi kosa limeshajulikana, kaka. Imekloniwa C peke yake, juu ya diski ya MBR. Ile ya MB 100 ndiyo EFI, patisheni yenye mafaili ya buti kwa mfumo wa FAT32, na ndiyo UEFI inayoitafuta. Data yako ipo yote, mlango ndio haupo.

Mimi ningekloni upya, lakini si kwa Clonezilla, programu ya bure ya kukloni. Yenyewe kwa kawaida inataka diski mpya iwe sawa na ya zamani au kubwa zaidi, hata kama data ni kidogo. Tafuta programu inayokuruhusu kuchagua patisheni moja moja na kubadili ukubwa. Weka alama EFI, MSR (patisheni ndogo ya akiba ya Windows) na C zote. (Toleo la bure la Macrium Reflect, programu nyingine ya kukloni, lilisitishwa 1 Januari 2024, usipoteze muda kulitafuta.) Kabla ya hapo, kwenye HDD endesha `chkdsk C: /f` kurekebisha makosa ya diski, kisha `powercfg /h off` kuzima hibernation. Kama kuna BitLocker (usimbaji wa diski wa Windows), isimamishe kwanza, la sivyo SSD inaweza kukudai ufunguo wa urejeshaji.

Mwambao
Dada, hiyo ni sahihi ila ni ndefu. C ilishanakiliwa salama, kwa nini airudie? Dakika kumi zinatosha. Kwenye Shift+F10:

`diskpart`
`select disk 0`
`select partition 1`
`active`
`exit`
`bcdboot C:\Windows /s C: /f BIOS`
`mbr2gpt /validate /disk:0`
`mbr2gpt /convert /disk:0`

Kwanza hakikisha kwa `dir C:\` kwamba unaona folda ya Windows, kwa sababu ukiwasha kwa flashi herufi huhama, C inaweza kuwa D. Mstari wa bcdboot usiuruke: mbr2gpt, inayogeuza diski ya MBR kuwa GPT, husoma BCD ili ijue Windows iko wapi, ikiikosa inakataa kwa kusema haioni patisheni ya mfumo. Ikikubali, inapunguza C kidogo na kutengeneza EFI yenyewe. BIOS iache kwenye UEFI.

Binti_Makorora
Nakubali, kwa sharti moja: HDD ipimwe afya. Soma SMART (kumbukumbu ya afya ya diski), namba 197, sekta zinazosubiri, yaani zilizoshindwa kusomeka. Ikiwa si sifuri, hiyo C inaweza kuwa na mafaili yenye matobo, na buti haitakwambia. Hapo unaacha kukloni kwa kawaida, unatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu.

Kijana_Ngamiani
Naongeza: kama mtarudia kunakili, tumieni USB 3.0. USB 2.0 inakwenda kama MB 35 kwa sekunde, hivyo diski nzima ya GB 500 ni karibu saa nne, na umeme ukikatika katikati mnaanza moja. Betri ya laptop ikiwa imechoka, chomeka kwenye UPS.

Fundi_Chumbageni
197 ni sifuri. Validate imepita, convert imepita, Windows imewaka na programu ya uhasibu inafunguka na leseni yake. Kilichobaki: `reagentc /info`, inayoonyesha hali ya urejeshaji wa Windows, inasema Disabled, na `reagentc /enable` inakataa.

Mwambao
Inakataa kwa sababu faili la Winre.wim lilikuwa kwenye patisheni ya Recovery, ambayo haikunakiliwa. Rudisha HDD peke yake, iwashe, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika `reagentc /disable`. Faili litarudi C:\Windows\System32\Recovery, ila limefichwa, kwa hiyo nakili kwa `xcopy /h` kwenda kwenye flashi. Funga SSD, liweke kwenye folda ile ile, kisha `reagentc /enable`.

Fundi_Chumbageni
Enabled. Ahsanteni sana. HDD naifunga kwenye bahasha, inakaa kwa mwenyewe bila kuguswa mpaka afunge hesabu za mwezi.