Kwenye ambuteyaji (msongamano wa magari) nabaki na vitesi (gia) ya tatu, moto (pikipiki) inatetemeka. Mnishauri

Motari_Panzi: Jambo bandugu. Niko motari hapa Bukavu, kila asubuhi natoka Panzi kwenda Feu Rouge. Njia ikijaa nabaki na vitesi ya tatu, nacheza na ambreyaji (klachi), nasimama, naondoka. Moto inatetemeka na shene (mnyororo) inapiga kelele. Mtu akiwa katikati ya magari anabadilisha vitesi wakati gani? Kuna kilomita fulani? Jibuni mbio, bosi anangoja pesa yake jioni.

Kaka_Nguba: Usiangalie kilomita, sikiliza moteri. Ya kwanza ni ya kuondokea. Moto ikishashika mwendo, tia ya pili. Pale Major Vangu utazunguka na hizo mbili mpaka uchoke. Ya tatu ingoje njia ifunguke, tuseme kwenye 30. Ukifungua gazi moto ikasita na kugonga-gonga, vitesi ni kubwa, rudisha moja.

Mama_Sambaza: Mimi ni kiliya (abiria) tu, lakini niseme. Nilitoka sokoni Kadutu na beseni ya sambaza, motari akarudisha vitesi kwa nguvu, beseni ikaniponyoka, samaki wote kwenye matope. Akasema nilikaa vibaya! Mubadilishe polepole, sisi nyuma tuna shingo.

Mtumishi77: Vijana wa leo wanapewa moto bila kufundishwa. Permi (leseni) unayo? Tuanzie hapo.

Fundi_Kadutu: Mtumishi, permi haitetemeshi moto. Motari, kwa nini ya tatu? Aliyezoea hawezi kukaa nayo nyuma ya gari lililosimama, mguu unarudisha wenyewe. Kuna kitu hujasema.

Motari_Panzi: Ni mazoea tu, mzee.

Fundi_Kadutu: Mazoea ya kuunguza ambreyaji?

Motari_Panzi: Sawa. Kisigino cha kushoto kina kidonda, nilikanyaga chupa. Kwenye moto hii vitesi zote zinaingia kwa kukanyaga pedali mbele na vidole, ya kwanza mpaka ya nne, hakuna shida. Kurudisha ndiyo lazima nikanyage nyuma na kisigino. Kwa hiyo nikishafika ya tatu sirudi. Lakini msiniambie nipumzike, hakuna mwingine wa kuleta unga nyumbani. Tena nimeshapata dawa: kuna mekanisie nimempa avansi abadilishe pinyo ya mbele (kile chuma cha meno kinachozungusha shene), aweke ndogo, moto ivute hata na ya tatu. Naona ni akili.

Gia_Mwanza: Huku kwetu ungeshaambiwa uuze pikipiki ununue bajaji, ukae kwenye kiti.

Kaka_Nguba: Na ununue mguu mwingine 😂

Fundi_Kadutu: Pinyo ndogo itavuta, sikatai. Lakini njia ikiwa tupu moteri italia, na esansi itakwisha mbio. Na bado utakuwa unaondokea ya tatu: ukishika ambreyaji nusu-nusu, diski zinasuguana mpaka unasikia harufu ya kuungua. Harufu umeshaisikia, ni vile hutaki kusema. Halafu ukisimama kwenye mpando, mguu wa kuume uko kwenye freni ya nyuma. Unashusha upi chini? Huohuo wenye kidonda, na kiliya mgongoni.

Kaka_Nguba: Na kwenye mteremko je? Bukavu ni vilima. Mimi nashuka na ya pili, moteri yenyewe inanishikilia. Na ya tatu moto inakimbia, unabaki kukandamiza freni mpaka zinapata joto na kulegea.

Motari_Panzi: Freni zangu ni nzuri.

Yaya_Muhumba: Ngojeni kidogo. Motari, kwenye moto yako pwemoro, pale ambapo hakuna vitesi iliyoingia, iko wapi?

Motari_Panzi: Katikati ya ya kwanza na ya pili, kama moto zote.

Yaya_Muhumba: Haya! Kama zote nne zinaingia kwa kukanyaga mbele, pwemoro iko mwanzo kabisa, kabla ya ya kwanza. Huyu hana moto wala kidonda. Amekaa mahali na mega zake za intaneti anatuchezea.

Mama_Sambaza: Yaani nimeeleza mambo ya sambaza zangu bure?

Mtumishi77: Ndiyo maana niliuliza permi.

Motari_Panzi: Nilichanganya! Pwemoro ya katikati ni ya moto yangu ya zamani. Hii ni ya shemeji, amenipa juzi-juzi.

Yaya_Muhumba: Ulisema ni ya bosi.

Motari_Panzi: Shemeji ndiye bosi.

Yaya_Muhumba: Leta picha ya pedali.

Motari_Panzi: Niko kazini, yaya, nina kiliya.

Fundi_Kadutu: Awe na moto au asiwe nayo, kuna atakayesoma hapa mwenye mguu mbovu kweli. Ingiza vidole chini ya pedali ya mbele, uinue. Inarudi vilevile, kisigino hakina kazi. Rudisha moto ikiwa bado inatembea, moja moja, na ambreyaji kila mara, maana ikishasimama kabisa mara nyingi vitesi zinakataa kuingia. Kiatu kiwe kigumu juu, sandali zitakuchubua. Hata hivyo, kidonda kipone kwanza ndipo ubebe watu. Na hiyo avansi ya pinyo, enda uirudishiwe leo.

Motari_Panzi: Haiwezekani, mzee. Ameshafungua shene, pinyo iko mkononi mwake.

Yaya_Muhumba: Si una kiliya?