Octavia ya familia: ninunue hapa hapa Uholanzi, nivuke Ujerumani, nishuke Ubelgiji au nichukue ya binamu Uingereza?

kipanga81, Rotterdam
Shikamooni wakubwa, na wengine mambo vipi. Wiki ya tatu sasa nalala na simu mkononi naangalia magari tu mpaka wife kachoka. Mtoto wa pili kafika, baiskeli haitoshi tena, nataka Skoda Octavia ile ndefu ya nyuma, petroli, injini ya lita moja, ya mwaka 2017, na bajeti yangu mwisho ni euro 11,000, hapo nimejikamua kweli kweli. Nimezipata tatu zinafanana kama mapacha. Moja iko hapa karibu na Utrecht, 11,800. Ya pili iko Mönchengladbach, Ujerumani, yaani ukishapita Venlo umefika, yadi moja wanataka 9,900. Ya tatu iko Antwerp, ya mtu binafsi, 9,700. Kilometa zote ni kati ya laki na ishirini na laki na arobaini. Halafu kuna binamu yangu Coventry, Uingereza, ana Golf ya lefti, yaani usukani kushoto, alihama nayo kutoka Ujerumani 2021 akaibadilisha namba, anasema nipe 5,500 uondoke nayo maana Waingereza hawaitaki. Moyo unanituma Ujerumani au kwa binamu ila nahisi kuna kitu sikioni. Mliopitia hizi njia nifungueni macho, bei ya kwenye tangazo na bei ya mwisho zinapishana vipi?

MamaNuru, Eindhoven
Hongera kwa mtoto kaka. Kitu ambacho hukioni kinaitwa BPM. Hiyo ni kodi ya Uholanzi ya kusajili gari, inahesabiwa kwa moshi wa CO2 inaotoa gari, na ile ya Utrecht ilishalipiwa zamani ndiyo maana ni ghali, zile mbili za nje hazijalipiwa na utalipa wewe. Usiogope sana lakini, hulipi kama gari mpya, unalipa kilichobaki kulingana na umri na thamani ilivyoshuka, na unachagua njia ya kuhesabu, kuna jedwali la serikali, kuna orodha za bei, na kuna kumwita mthamini aandike ripoti kama gari imechubuka chubuka. Hesabu njia zote chukua iliyo chini. Mimi nimepiga ya gari kama yako imekuja kama 600 hivi, wewe hakikisha na CO2 iliyoandikwa kwenye kadi yake. Ongeza ukaguzi wa RDW, ile mamlaka ya magari ya hapa, na pleti, ongeza namba za muda na bima ya njiani, ongeza mafuta na siku mbili za kazi utakazokosa. Ile tofauti ya 1,900 uliyoiona na ya Ujerumani itabaki kama 800 au 900 mkononi. Ni hela, sisemi si hela. Ila ungekuwa unataka dizeli kubwa ya lita mbili ningekwambia nunua hapo hapo Utrecht ulale, maana BPM ya dizeli inakula faida yote.

fundi_Bremen
Mama Nuru kamaliza upande wa kodi, mimi niongezee upande wa Ujerumani maana ndiko ninakokaa na nimeshapeleka magari Denmark, Poland na huko kwenu.

Wajerumani wana kadi mbili za gari, Teil I na Teil II, wazee bado wanaziita Schein na Brief. Ile ya pili ndiyo roho ya gari. Kama gari bado ina mkopo Brief inakaa benki, kwa hiyo muuzaji akikwambia Brief nitakutumia kwa posta baadaye, we geuza kiti rudi nyumbani, usitoe hata euro kumi. Linganisha namba ya chesisi kwenye kadi na ile iliyo chini ya kioo cha mbele na ile iliyogongwa kwenye bodi, zote tatu.

Halafu soma tangazo neno kwa neno maana Kijerumani cha matangazo kina mitego yake. "Nur für Gewerbe oder Export" maana yake yadi haitaki kukuuzia wewe mtu wa kawaida kwa sababu ikikuuzia sheria inaibana iwajibike na ubovu angalau mwaka mmoja, na haitaki kubanwa. "Im Kundenauftrag" maana yake anakwambia gari si yake anamuuzia mteja, lengo mara nyingi ni lile lile la kukwepa dhamana. "Bastlerfahrzeug" ni gari ya kuchokoa chokoa, si ya kubebea mtoto mchanga. Ukiyaona hayo kwenye gari inayowaka na iliyooshwa vizuri jiulize wanakimbia nini.

Kuhusu VAT usichanganyikiwe. Gari iliyotumika ukinunua yadi ya Ujerumani VAT imeishia huko huko, Uholanzi hawakudai tena. Mtego ni gari changa, Ulaya nzima gari ya chini ya miezi sita AU iliyotembea chini ya kilometa 6,000 inahesabika mpya na VAT unalipa nyumbani kwako. Kuna jamaa alinunua ya miezi mitano imeshatembea kilometa 9,000, akajua imepita, kumbe haijapita, kigezo kimoja tu kinatosha kukunasa.

Namba za kurudi nayo: ile yenye mstari wa njano pembeni ni ya siku tano na ni ya kuzunguka humu humu Ujerumani, nje inategemea kama nchi nyingine inaikubali. Ya kuvukia mpaka kwa amani ni yenye mstari mwekundu, inakuja na bima yake na tarehe ya mwisho imeandikwa kwenye pleti yenyewe. TÜV, yaani ukaguzi wa gari wa Kijerumani, iwe hai ndipo wanakupa.

kipanga81
Fundi hapa umenistua, nimerudi kwenye tangazo la Mönchengladbach kule chini kabisa kwa herufi ndogo pameandikwa im Kundenauftrag 😳 sikuwa nimeelewa kabisa

MamaNuru
Basi kaka ngoja nikusimulie maana hilo neno nalijua kwa machungu. 2019 tulinunua Touran kwenye yadi moja upande huo huo wa mpakani, 138,000 kwenye dashibodi, ndani safi, usukani unang'aa, mwenye yadi katupa na kahawa. Mkataba wa ukurasa mmoja, im Kundenauftrag, mume wangu akasaini kwa sababu tulikuwa na watoto ndani ya gari na mvua inanyesha. Miezi minne baadaye gia boksi ikaanza kupiga kelele, tukaipeleka kwa mawakala hapa, yule kijana akaingiza chesisi kwenye kompyuta yao akanyamaza halafu akanigeuzia skrini nione mwenyewe. Miaka mitatu kabla ya sisi kuinunua ilishaingia servisi ikiwa na kilometa 221,000. Laki mbili na ishirini na moja elfu. Tulipopiga simu yadi wakasema muuzaji ni mteja wetu si sisi, huyo mteja kwenye mkataba hakupatikana kamwe, na mwanasheria akatuambia gharama ya kesi itazidi gari. Tulikuwa tumeweka akiba miaka miwili.

Tangu hapo mimi sinunui gari ya Ujerumani bila kuona makaratasi ya TÜV ya zamani, yote, si la mwisho tu, maana kila karatasi ya TÜV inaandika kilometa za siku ile. Gari ya 2017 inatakiwa ilikaguliwa mara ya kwanza 2020 halafu kila miaka miwili. Akikosa makaratasi matatu ya miaka tofauti usinunue mbuzi kwenye gunia.

Kivu_243, Antwerp
Jambo ndugu zangu. Pole sana mama. Ndiyo maana mimi nasema kila siku, huku Ubelgiji bei si chini sana lakini batu bengi banasahau kitu kimoja kikubwa, Car-Pass. Tangu mwisho wa 2006 mtu yeyote anayeuza gari iliyotumika, yadi ao mtu wa nyumbani, sheria inamulazimisha akupe karatasi ya Car-Pass inayoonyesha kilometa zote zilizoandikwa kila mara gari ilipoingia garaji, tairi, ukaguzi, kila kitu na tarehe yake. Hana Car-Pass, unaweza kudai mauzo yavunjwe. Mchezo wa kurudisha mita nyuma hapa umekuwa mgumu sana, ule uliomupata mama.

Sasa ubaya wa huku. Namba ya gari Ubelgiji ni ya mtu, si ya gari. Ukinunua, mwenyewe anafungua pleti yake anaenda nayo, gari inabaki uchi. Kwa hiyo ama utafute pleti ya transiti kwetu, ama ulete trela. Antwerp mpaka Rotterdam ni kama kilometa mia tu, trela ni rahisi. Lakini uliza leseni yako kwanza! Leseni ya B ya kawaida haitoshi kuvuta trela yenye gari juu, uzito ulioruhusiwa unapita kilo 3,500, unahitaji BE. Shemeji yangu alikamatwa barabara ya Breda kwa hilo hilo na faini ikamumaliza.

Na kama unaenda yadi ya Ubelgiji usibebe bunda la hela, muuza magari haruhusiwi kupokea keshi zaidi ya 3,000. Yako ni ya mtu binafsi sawa, lakini mimi ningelipa kwa benki mkiwa mumekaa pamoja, ya papo kwa papo inaingia kwa sekunde, kila mtu anaona kwa simu yake ndiyo anatoa ufunguo.

Mtwapa_boy, Coventry
Buda hiyo Golf ya binamu iwache. Mimi pia nilikuja huku na lefti kutoka Köln so naongea kitu najua. Hapa hiyo gari ni mateso tu, mashine za tikiti za paking ziko upande mbaya, kuovateki lori lazima uwe na mtu wa kukuangalilia, na kampuni za bima zinazokubali ni chache, ndio maana haiuziki. Lakini kuirudisha Ulaya sai si kama zamani. Tangu Januari 2021 gari yenye logibuku, ile kadi ya usajili, ya Uingereza ikiingia Uholanzi ni kama imetoka Japani. Forodha asilimia 10, juu yake VAT asilimia 21, alafu BPM yenu. Piga hesabu, 5,500 ongeza 550 inakuwa 6,050, weka 21 juu yake uko 7,320 na bado hujalipa feri wala BPM. Na usidhani utawaambia hii ilitengenezwa Wolfsburg mnihurumie, kutengenezwa Ulaya hakukusaidii ikiwa inarudi kutoka huku. Kuna msamaha wa vitu vinavyorudi lakini ni ndani ya miaka mitatu, na yeye alikuja 2021, imepita.

Tena lazima aliguza taa. Huku taa za mbele zinainamia kushoto na taa ya ukungu ya nyuma inawekwa kulia ama katikati, so utalipa fundi azirudishe. Labda ungekuwa wewe ndio unahama huku na yako umeimiliki miezi sita, hapo kuna msamaha wa kuhama makazi, lakini ukiipata hivyo huruhusiwi kuiuza mwaka mzima.

aisha_aarhus
Mshukuruni Mungu na BPM yenu jamani. Sisi Denmark kodi ya usajili inapanda kwa ngazi, asilimia 25, halafu 85, halafu 150 ya thamani. Watu wanashuka Flensburg, Ujerumani, wanaona bei wanarudi wanalia.

Nyamirambo75, Kigali
Naomba kuuliza nje kidogo, kaka akiichoka baada ya miaka mitano inaweza kuja huku? Sisi tunaendesha kulia na gari ndogo ya usukani wa kulia hairuhusiwi, kwa hiyo za Ulaya tunazitafuta sana.

fundi_Bremen
Inawezekana ila mwambie anayekutafutia aangalie risiti. Ikiwa imeandikwa §25a ile gari inauzwa kwa VAT ya faida tu, hakuna VAT ya kurudishiwa hata ukiitoa nje ya Ulaya. Unataka tangazo linalosema "MwSt. ausweisbar", hapo yadi inakutoza amana ya VAT, gari ikipita forodha na uthibitisho wa kutoka ukirudi, wanakurudishia asilimia 19 yako.

Mtwapa_boy
Na wale wa Mombasa wasidanganyike na hii stori. Kenya lefti hairuhusiwi kwa mtu wa kawaida na gari ikipita miaka minane haiingii.

kipanga81
Wakuu sijui niwashukuruje. Jana nilimpigia binamu nikamwambia hesabu ya Mtwapa, alinyamaza kwanza halafu akasema hata yeye hakujua. Mönchengladbach nimewaomba makaratasi ya zamani ya TÜV wakanijibu njoo uione gari kwanza, nimewafuta. Leo asubuhi nimeenda Antwerp na Kivu_243 kanisindikiza (Mungu ambariki huyu ndugu, hatukuwahi kuonana kabla ya leo). Yule baba ni mwalimu, katoa Car-Pass kabla hata sijaomba, ina mistari kumi na moja kuanzia 2017 na kilometa zinapanda taratibu bila kuruka, 131,000 leo. Ina mkwaruzo kwenye bampa ya nyuma na beliti haijabadilishwa, kashusha mpaka 9,450. Nimelipa tukiwa mezani kwake. Nikijumlisha BPM na RDW na trela nafika 10,500 hivi, chini ya bajeti.

Trela anavuta rafiki yake Kivu mwenye BE, Jumamosi. MamaNuru, ripoti ya mthamini kwa ajili ya mkwaruzo wa bampa inafaa au itanigharimu kuliko itakachopunguza?

MamaNuru
Kwa bampa tu usihangaike kaka, mthamini mwenyewe atataka zaidi ya hicho. Tumia orodha ya bei. Na kitu kimoja, usianze kuiendesha barabarani kabla BPM haijaingia na RDW hawajakupa namba, hata kwenda dukani tu. Panga miadi ya RDW leo hii, foleni yake huwa ndefu.

Kivu_243
Jumamosi saa tatu niko kwako ndugu. Muambie mama watoto apike.