Waliorushwa darasa utotoni, na waliorushiwa watoto wao: tupeane uzoefu

Mama Tuli:
Habari za jioni wanajamvi. Leo nimeitwa shuleni kwa binti yangu, njia nzima nikijua kamng'ata mtu. Kumbe mwalimu wake anasema mtoto anamaliza kazi kabla ya wenzake, halafu anawafanyia wenzake, halafu analala. Wanataka Januari asiende la pili, apelekwe la tatu moja kwa moja. Ana miaka mitano, yuko la kwanza. Inglishi midiamu hizi, tulipompeleka walisema umri si tatizo. Baba yake kafurahi kama kaokota hela, keshapiga na hesabu ya ada ya mwaka mmoja aliyookoa. Mimi tumbo linaniuma tu. Nilisoma shule ya serikali, tulikuwa tisini darasani, hakuna aliyejua kama nina akili au sina. Mliorushwa, ilikuwaje? Sitaki "hongera dada", nataka uzoefu.

Kachumbari:
Hongera dada.

Bint Pangani:
Mimi nilirushwa la tano. Niliondoka la nne nikiwa wa kwanza, mtihani wa muhula wa kwanza la sita nikawa wa thelathini na moja. Hakuna mtu aliyeniambia kwamba jambo kama hilo linawezekana. Ripoti niliificha kwenye debe la mchele, mama akaja kuipata anapima wali wa wageni.

Nyundo:
Mnatiana woga bure. Mwalimu Nyerere kaanza shule ya msingi Mwisenge, Musoma, 1934, masomo ya miaka minne kayamaliza kwa mitatu, 1937 yuko sekondari Tabora. Mrushe mtoto.

Hesabu Kali:
Nyundo, hiyo historia umeikata kiuno. Nyerere kazaliwa 1922. Alipoingia Mwisenge alikuwa na miaka kumi na miwili, keshachunga, keshatembea, anajua kujitetea. Ukimrusha mtu kama huyo unamsogeza karibu na rika lake. Wa Mama Tuli ameshawahishwa mara moja, sasa anataka kuwahishwa mara ya pili. La tatu atakuwa na miaka sita, la nne saba. Kwa mtaala huu mpya wanaishia la sita, kwa hiyo anamaliza na tisa. Kidato cha kwanza ana miaka kumi. Mpe ndoo, fyekeo na godoro la futi mbili na nusu, umpeleke bweni.

Nyundo:
Umri ni namba tu.

Hesabu Kali:
Na ndoo ya lita ishirini ni namba?

Bint Pangani:
Ya ndoo usiseme, nimeyaishi. Nilikuwa najaza nusu, naenda safari mbili, dada wa bweni ananiandika mchelewaji. Wenzangu wakaanza kuvuta pembeni na kunong'ona mambo ya kikubwa, nikipita wananyamaza. Nilidhani wananisengenya. Nilikuja kuyaelewa kidato cha tatu yaliponifika mwenyewe, na wakati huo wao walishachoka kuyaongea.

Msafiri wa Kondoa:
Nilikuwa nasoma kimya kimya, ila uzi huu umenigusa pabaya. Ngoja niseme kitu ambacho hata mke wangu hakijui.

Mwaka 1991, shule ya msingi kijijini kwetu. Mwalimu mkuu kaingia la pili, kaandika hesabu ubaoni za kuzidisha, nikazifanya zote nimesimama. Kesho yake nikaambiwa wewe ni wa la nne. Madawati la nne hayakutosha, kwa hiyo nililibeba la kwangu, mimi upande huu na mdogo wake kiranja upande ule, shule nzima inatazama. Kuanzia siku hiyo jina langu likawa Profesa.

Kusoma nilikuwa najua, kuzidisha najua. Sasa la tatu ndiko walikokuwa wanafundishwa saa. Kulikuwa na duara la boksi lenye mishale miwili imebanwa katikati kwa kipande cha waya. Mimi lile duara nililiona limetundikwa ukutani kwa wenzangu, sikuwahi kulishika. La nne kila mtu anajua saa, na Profesa haulizi. Nikajifunza ujanja. Nikiulizwa saa ngapi najifanya sijasikia, au namwuliza wa tatu: "Eti saa ngapi?" kama namsaidia muulizaji. Naangalia kivuli cha bendera. Miaka miwili nilipita hivyo.

La sita nikachaguliwa mtunza muda. Nani mwingine zaidi ya Profesa? Kengele yetu ilikuwa rimu ya lori imetundikwa kwenye mwembe, unaigonga kwa chuma cha bolti. Siku za kawaida mwalimu wa zamu ananipungia mkono dirishani, nagonga. Basi ikaja moko ya kata, ule mtihani wa majaribio. La saba wa shule tatu wakaletwa kwetu. Mwalimu wa zamu akapewa chumba cha kusimamia, akaniachia saa ya mezani juu ya rejesta ofisini: "Profesa, saa tano na nusu gonga, waweke kalamu chini."

Nikabaki na ile saa. Tano nikaiona, ipo pale chini kulia. Lakini nilishasikia watu wakisema namba ya saa siyo inayosomwa, ukiona kumi na moja ndiyo tano, na hilo sikuwahi kulielewa. Nilichokuwa na uhakika nacho ni kimoja: nusu, mshale mrefu unakuwa chini kabisa. Nikaukodolea huo tu. Ulipofika chini nikatoka mbio hadi kwenye mwembe, nikaichapa ile rimu mpaka viganja vikawaka.

Ilikuwa saa nne na nusu.

Watoto zaidi ya mia wakaweka kalamu chini. Msimamizi mmoja ana saa mkononi anasema bado, mwenzake hana saa anasema kengele ni kengele, keshakusanya karatasi. Mwalimu mkuu akatoka ofisi ya kata anakimbia, faili kwapani. Akaja na ile saa ya mezani pale chini ya mwembe, mbele ya shule tatu. "Profesa, hii ni saa ngapi?" Nikanyamaza. Akaisogeza mpaka puani. "Nakuuliza, saa ngapi?"

Nikasema: "Na nusu."

Sikuchapwa. Ningechapwa ingekuwa nafuu. Alinitazama muda mrefu, halafu akakaa kwenye jiwe, maana aliyenitoa la pili ni yeye. Jioni aliniita kwake, akachukua sahani ya bati na vijiti viwili vya fagio, akanifundisha saa kwa nusu saa. Nusu saa tu! Nimehangaika miaka miwili kwa kitu cha nusu saa.

Mama Tuli, sikwambii umrushe wala usimrushe. Ninachokwambia ni kwamba darasa likirukwa kuna vitu vimebaki humo, na mtoto mwenye sifa ya akili ndiye wa mwisho kusema hajui.

Kachumbari:
"Na nusu." Niko kwenye mwendokasi nacheka peke yangu, mama wa siti ya pembeni kahamisha mkoba. Pole sana mkuu, lakini dah.

Shangazi Wenu:
Pole baba. Na mwalimu huyo Mungu ambariki popote alipo.

Chuo cha Maisha:
Stori tamu ila ina walakini. Saa inafundishwa la pili, siyo la tatu. Mwaka 91 mimi nilikuwa la pili na tulifundishwa.

Msafiri wa Kondoa:
Ninyi mlikuwa na mwalimu. Sisi mwalimu wa la pili ndiye wa la kwanza, ndiye wa bustani ya shule, ndiye wa kwaya.

Chuo cha Maisha:
Nasema tu kwa mujibu wa mtaala.

Kachumbari:
Mkuu unabishana na mtu kuhusu darasa alilorushwa? Atajuaje kilichofundishwa wakati hakuwepo?

Pwani Yetu:
Salamu kutoka Mombasa. Mie nilirukishwa standadi thrii kwenda faivu, zama za 8-4-4, mfumo wetu wa zamani wa elimu Kenya. Nikawaaga wenzangu kwa maringo, nikawaambia tutaonana sekondari. Muhula haujesha, mama wa mwanafunzi mwengine akaja ofisini kuuliza kwa nini wake hakurukishwa. Hedimasta akaona asitafute ugomvi, akanirudisha. Wallahi walinipokea kwa wimbo. Hadi leo nikikutana nao Likoni feri wauimba.

Nyundo:
Bado sijaona sababu ya kumzuia mtoto. Wote mlioandika hapa mnajua kusoma na kuandika na mna bando.

Mwalimu Chaki:
Nimefundisha msingi kwa miaka kumi na tisa, naomba niseme kidogo. Zamani mwalimu mkuu alirusha mtoto kwa kuamka tu asubuhi. Siku hizi kila mwanafunzi ana namba ya PREMS, ule mfumo wa kumbukumbu za wanafunzi wa msingi, na ule mtihani wa taifa wa la nne haukwepeki, kwa hiyo wanaorushwa wengi ni wa madarasa haya ya chini. Dada, kabla hujakubali, mwombe mwalimu akuoneshe daftari, siyo maneno. Na uulize anamaliza kazi mapema kwa sababu anaweza ya la tatu, au kwa sababu kazi ya la kwanza ni nyepesi na ameshaikariri kutoka chekechea. Hivyo ni vitu viwili. Nimeona wengi wa aina ya pili. La kwanza wanaruka kama panzi, la tatu wamekaa.

Halafu kuna shule, sizitaji, mtoto anarushwa kwa sababu la kwanza pamejaa.

Mama Tuli:
Mwalimu, hilo la kujaa sikuwa nimelifikiria. Wako arobaini na nane kwenye chumba cha thelathini.

Mwalimu Chaki:
Haya.

Shangazi Wenu:
Na wa upande wa pili tuseme, uzi umekuwa wa msiba. Mdogo wangu aliruka la tatu, akafaulu akachaguliwa Ilboru, na alistawi kama mchicha wa mtaroni. Pale karibu wote walikuwa vichwa wa huko walikotoka, hakuna wa kumwita Profesa. Nadhani kilichomwokoa ni kupata wenzake. Sasa hizo shule za vipaji maalumu, Ilboru, Kibaha, Mzumbe, Kilakala, Msalato, unaziingia baada ya kumaliza msingi. Mtoto wa miaka mitano anayelala darasani hana pa kupelekwa zaidi ya darasa la mbele. Kumwacha asinzie miaka sita nako si malezi. Mdogo wangu kabla hajarushwa alikuwa anatoroka, anakwenda kuangalia mafundi redio.

Hesabu Kali:
Si lazima aruke kila kitu. Terence Tao, yule mwanahisabati wa Australia mwenye Medali ya Fields ya 2006, tuzo kubwa ya hesabu, akiwa mdogo alikuwa anakwenda kusoma hesabu na wakubwa, masomo mengine anakaa na watoto wa darasa la chini zaidi. Wazazi wake hawakumkurupusha hata chuo kikuu. Mlinganishe na William Sidis wa Marekani, kaingia Harvard 1909 ana miaka kumi na mmoja, magazeti yanamfuata kila hatua. Ukubwani akawa anazikimbia sifa, anafanya kazi za ukarani. Kafariki 1944.

Nyundo:
Sidis, Tao. Mama wa watu yuko Mbagala.

Mwalimu Chaki:
Hilo la Tao hata Mbagala linawezekana, nimelifanya. Nilikuwa na mtoto wa la kwanza, kipindi cha hesabu anakuja la pili kwangu, kiti chake cha plastiki kichwani. Ugumu ni ratiba, hesabu za madarasa yote mawili lazima ziwe muda mmoja. Tulikwenda hivyo hadi mwalimu mwenzangu alipohamishwa.

Kichwa Ngumu:
Mimi ni zao la MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Nilianza shule nina miaka kumi na miwili, nilikuwa nauza karanga stendi. Madarasa manne tuliyasoma kwa miaka miwili chini ya mti mmoja na mwalimu mmoja, nikafanya mtihani wa la nne, nikaingizwa la tano. Mbio tulizopewa sisi hakuna mtoto wa inglishi midiamu aliyepewa, na hakuna aliyetuita wenye vipaji. Tuliitwa walioikosa. Niliziweza kwa sababu chenji nilishajua kuihesabu stendi, mwalimu alikuwa ananionesha namna ya kuiandika tu.

Hesabu Kali:
Ndicho nilichomwambia Nyundo tangu mwanzo.

Nyundo:
Kwa hiyo Mama Tuli ampeleke akauze karanga?

Bint Pangani:
Dada usimsikilize huyu. Mwulize binti mwenyewe ana rafiki gani darasani na wanacheza nini. Mimi hakuna aliyeniuliza. Rafiki yangu wa la nne hadi leo hanisemeshi vizuri, anadai nilimkimbia.

Chuo cha Maisha:
Nimempigia dada yangu mwalimu. Anasema saa la tatu pia ipo, wanarudia. Samahani mkuu wa Kondoa.

Msafiri wa Kondoa:
Yameisha. Sema saa hizi ni saa ngapi.

Kachumbari:
Na nusu.

Mama Tuli:
Nimesoma yote, asanteni, hata wewe Nyundo. Nimempa baba yake simu asome hiyo ya kengele, kanyamaza, halafu kauliza kama ada wanaruhusu kulipa kwa awamu. Jumatatu nakwenda kuomba daftari na kuuliza hilo la kipindi cha hesabu tu. Sasa hivi nimemwita Tuli, nimemwonesha saa ya ukutani sebuleni, nikamwambia nisomee. Kaitazama, kaniambia: "Mama, hiyo imekufa betri tangu juzi."

Nyundo:
La tatu. La nne kabisa.

Mwalimu Chaki:
Mnunulie betri kwanza, dada, halafu umwulize tena.